UTARATIBU MPYA UKIFIKA OFISINI, MTUMISHI ANAUPOKEAJE?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo wa Endulen, Wilaya ya Ngorongoro)

  

Leo sikuja kufundisha herufi. Herufi mmekwisha zishinda. Nimekuja kwa sababu ya swali lililoulizwa darasani na mama mmoja. Alisema hivi: "Mwalimu, Serikali ikileta utaratibu mpya, mtumishi mmoja anaushika siku ile ile. Mwingine anauweka juu ya kabati, anatuambia njoo kesho. Si wote wanalipwa na Serikali hiyo hiyo? Mmoja ana nini, na mwingine amekosa nini?"

Swali hilo ni zuri kuliko maswali mengi ninayoyasikia kwenye semina. Na ni letu, si la wakubwa peke yao. Mtoto ambaye jina lake halikuingia katika daftari jipya la chanjo ni mtoto wenu. Ng'ombe aliyekosa sindano kwa sababu mtaalamu hakuielewa fomu mpya ni ng'ombe wenu. Utaratibu ukilala ofisini, hasara inalala bomani.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea. Mambo ya ardhi na ya kuhama hapa Ngorongoro ni mazito, na yana vikao vyake. Leo sitaingia huko. Nazungumzia ofisi, na watu wanaokaa ndani yake.

Watu hao tunawajua. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni muuguzi wa zahanati. Ni Bwana Mifugo. Ni Mtendaji wa Kijiji na Mtendaji wa Kata. Hospitali yetu ya Endulen ni ya Kanisa Katoliki, lakini hata huko fomu na taarifa za Serikali zinafika. Watu hawa wote kila baada ya muda hupata barua: kuanzia sasa, mtafanya kazi kwa namna hii. Daftari hili liacheni, shikeni hili. Karatasi iacheni, shikeni mashine.

Sasa hebu tujiulize. Huku kwetu, kijana anaachaje umorani? Je, anaacha kwa tangazo? Anaamka asubuhi, anasoma karatasi ukutani, basi amekwisha kuwa mzee? Hapana. Kuna eunoto. Rika zima linakusanyika. Mama yake mwenyewe anamnyoa zile nywele ndefu alizozitunza kwa miaka. Inauma, na wengine hulia. Lakini kijana anajua anatoka wapi na anakwenda wapi. Anawaona waliomtangulia, wamekaa katika nafasi ambayo na yeye ataipata. Hakuna anayemwambia, "Acha ulichonacho, halafu tutaona."

Mtumishi wa Serikali naye ni mtu wa namna hiyo hiyo. Lakini yeye mara nyingi hupewa tangazo bila eunoto.

Tena mtumishi ana kumbukumbu. Jambo hili watu wengi hulisahau, wakadhani ni uvivu. Mwaka 1972 Serikali yetu ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Nia yake ilikuwa kuwatoa wataalamu Dar es Salaam na kuwaleta mikoani na wilayani, karibu na wananchi. Halmashauri za wilaya zikavunjwa. Kazi zao zikashikwa na wakurugenzi wa maendeleo waliopelekwa na Serikali Kuu. Karani aliyekuwa mtu wa halmashauri akaamka ana bwana mwingine. Akajifunza mafaili mapya. Haya. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za kurudisha serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Karani yule yule akarudi alikotoka.

Sasa mtu aliyeyapitia hayo mawili, ukimletea la tatu, atafanya nini? Atakaa kimya. Atasema moyoni, "Hili nalo litapita. Nikingoja, litanipita nikiwa hapa hapa." Hawezi kusema kwa sauti, kwa hiyo anasema njoo kesho.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Nchi ilikuwa na shida ya fedha. Serikali ikaona ina watumishi wengi kuliko inavyoweza kuwalipa. Makumi ya maelfu wakapunguzwa kazini. Wengine walirudi vijijini na kiinua mgongo kidogo na masanduku yao. Tangu siku hizo, neno "mabadiliko" katika ofisi za Serikali lina harufu. Mkubwa akisema, "Tunaleta mabadiliko," aliye chini hasikii mabadiliko. Anasikia, "Nani anaondoka?"

Basi, ukitaka mtumishi aukubali utaratibu mpya, swali lake la kwanza lazima lijibiwe, hata kama hajauliza. Swali lenyewe ni hili: mimi na watoto wangu, itakuwaje?

Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi yetu ni Dodoma. Huo nitaueleza kwa kirefu kidogo, kwa maana kila kitu kimo ndani yake.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya Serikali yatoke Dar es Salaam yaende Dodoma. Sababu zilieleweka. Dodoma iko katikati ya nchi. Mtu wa Kigoma, mtu wa Mara, mtu wa huku kwetu, wote wangefika kwa urahisi zaidi kuliko kwenda pwani. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ikakadiriwa kwamba kazi ingekamilika katika miaka kama 10.

Miaka 10 ikapita. Ikapita 20. Ikapita 40. Bunge lilihamia Dodoma katika miaka ya 1990, lakini wizara nyingi na watu wake walibaki Dar es Salaam. Wakati wa Bunge waziri na maafisa wake walikwenda na mafaili yao kwenye magari. Bunge likimalizika, magari yakageuka.

Kwa nini? Je, watumishi wale hawakuipenda nchi yao? Mimi sikubali maelezo hayo. Tazama hali yenyewe. Mtumishi ana nyumba Dar es Salaam, au anajenga. Mke wake naye ana kazi huko. Watoto wako shule huko. Dodoma ya wakati ule ilikuwa na nyumba chache na maji ya shida. Na kubwa kuliko yote, mkubwa wake alikuwa bado anakaa Dar es Salaam. Hebu nambieni, wazee wangu: katika boma, nani anahamisha ng'ombe zake kwenda malisho mapya wakati mwenye boma amelala na hana habari ya kuondoka?

Tarehe 23 Julai, 2016, Rais John Magufuli alisema hadharani huko Dodoma kwamba Serikali yake itahamia huko kabla ya mwaka 2020. Watu wengi walicheka kimoyomoyo. Walikuwa wamesikia maneno hayo tangu utoto wao. Lakini angalia kilichofuata. Mwisho wa Septemba mwaka ule ule, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia Dodoma. Hakutuma barua, alikwenda mwenyewe. Mwezi wa Desemba 2017 akafuata Makamu wa Rais, ambaye wakati huo alikuwa Samia Suluhu Hassan. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, ili mtu mwingine asije akalibadili jambo kwa neno la mdomo. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma yakatumika kwa muda kuwa ofisi za wizara kadhaa. Pale Mtumba, nje ya mji, ukajengwa Mji wa Serikali, na ofisi za kwanza zikafunguliwa Aprili 2019. Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia.

Kazi iliyoshindikana kwa miaka 43 ikaenda kwa mitatu. Watumishi walikuwa ni wale wale Watanzania. Wapo walionung'unika, na wapo walioacha familia Dar es Salaam wakawa wanasafiri kila mwisho wa wiki, na mabasi yanajua. Nyumba za kupanga zilipanda bei. Sisemi kila mtu alifurahi. Nasema walikwenda, na ofisi zikafanya kazi. Walikwenda kwa sababu waliona mkubwa ametangulia. Waliona jengo limesimama, si picha ya jengo. Na waliona sheria imeandikwa, maana yake hakuna kurudi nyuma. Yule aliyezoea kusema "litapita" hakuwa tena na pa kujificha.

Wapo watakaosema kwamba watu wale walikwenda kwa kuogopa tu. Kweli, miaka ile hofu ilikuwapo. Mwaka 2017 vyeti vya watumishi vilihakikiwa, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Mimi nasema hofu inaweza kufagia nyumba. Mwenye cheti cha uongo alitoka, na hilo ni sawa. Lakini hofu haimfundishi mtu kazi. Hofu inamfanya mtumishi ajaze fomu vizuri wakati mkaguzi anakuja. Mkaguzi akiondoka na gari lake na vumbi likatulia, mtumishi anarudi alikokuwa. Nani kati yetu hajaona hayo?

Na hapo ndipo ilipo hadithi ya OPRAS. Wengi wenu hamlijui neno hilo, na wala si neno la kulijua sana. Ulikuwa ni utaratibu ulioanza mwaka 2004 katika utumishi wa Serikali. Kila mtumishi alitakiwa akae na mkubwa wake mwanzo wa mwaka, waandikiane: mwaka huu nitafanya hili na hili. Mwisho wa mwaka wapime. Fikra ilikuwa nzuri sana. Lakini katika ofisi nyingi fomu zile zilijazwa siku ya mwisho, kwa haraka, wakati mtu anataka kupanda cheo. Wengine walinakili za mwaka uliopita. Mtumishi aliyefanya kazi kwa bidii na yule aliyelala, mara nyingi wote walipata maksi zinazofanana. Ukimpima mtu, halafu kipimo hakileti kitu, si sifa, si mafunzo, si hata neno la asante, atakidharau kipimo. Mwaka 2023 Serikali ilianza kuuweka kando utaratibu huo na kuleta mwingine wa kompyuta, unaoitwa PEPMIS. Utafaulu? Utategemea kama kipimo chake kitaleta kitu.

Sasa niwaambie utaratibu ambao mimi nauona umeshika, tena umeshika mpaka huku. Ni ule wa kulipa fedha za Serikali.

Zamani, mkilipa ushuru mnadani, karani alikuwa na kitabu cha stakabadhi. Aliandika kwa kalamu, nakala ya kaboni ikabaki kitabuni. Fedha akazitia katika mkoba. Halafu zile fedha zilitakiwa zifike halmashauri, na nyote mnajua safari ya kutoka huku mpaka Loliondo, jinsi ilivyo ndefu na ya vumbi. Karani mwizi aliandika kiasi kimoja juu na kingine chini. Karani mwaminifu naye hakuwa na amani. Alilala na fedha za watu chini ya mto. Zikipotea, nani atamwamini?

Mwaka 2017 Serikali ilianza mfumo mpya wa malipo. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba. Ina tarakimu 12. Unalipa benki, au unalipa kwa simu yako. Ujumbe unakuja katika simu yako mwenyewe. Na kwa ushuru mdogo mdogo, karani alipewa mashine ya mkononi inayotoa stakabadhi.

Angalieni kwa nini jambo hili lilishika kuliko OPRAS. Karani mwaminifu alilipenda haraka, kwa sababu lilimtua mzigo. Habebi mkoba tena. Halali na wasiwasi. Kesho akiulizwa, kumbukumbu ipo. Kazi yake imekuwa nyepesi, na jina lake limekuwa safi. Hakuhitaji kuhubiriwa. Na karani asiyekuwa mwaminifu? Huyo alilazimika, lakini hakulazimishwa na mkubwa wa mbali peke yake. Alilazimishwa na mlipaji aliyesimama mbele yake na simu mkononi, anasoma ujumbe, anasema, "Hapa imeandikwa elfu tano, mbona unataka elfu saba?"

Mlipaji huyo ni nani? Ni mtu anayejua kusoma. Ni ninyi.

Lakini tusijidanganye. Huku kwetu mtandao unapotea. Mashine inaisha chaji, na umeme hakuna. Karani aliyepewa mashine bila njia ya kuichaji, bila kufundishwa, na bila mtu wa kumpigia simu ikikwama, atarudi kwenye kitabu chake cha zamani, na mimi sitamwita mkaidi. Nimekuwa nikiona mara nyingi: watu wanaletwa kwenye semina ya siku moja, wanaonyeshwa mashine na mtaalamu anayesema haraka haraka, wanakunywa chai, wanaondoka. Kesho yake mzee wa miaka 55 yuko peke yake na kile kidude. Anaona haya kumwuliza kijana wa miaka 25. Kwa hiyo anasema mashine ni mbovu. Aibu ya mtu mzima asiyejua ninyi mnaijua kuliko mtu yeyote, maana mliivuka mlipoingia darasani mara ya kwanza. Mtumishi naye anayo. Akifundishwa polepole, na wenzake wa umri wake, bila kuchekwa, anajua.

Nichukue na mfano wa nyumbani kabisa, wa kisomo chenyewe. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Shule za msingi zikafanywa vituo vya elimu ya watu wazima. Mwalimu aliyekuwa akifundisha watoto asubuhi akaambiwa: mchana na jioni utafundisha na wazazi wao. Kazi iliongezeka kwake. Walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, walipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, fedha ndogo hata kwa bei za siku zile.

Kwa hesabu ya fedha, mpango ule ungekufa mwaka wa kwanza. Haukufa. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha wamebaki kama 39. Mwaka 1986 walikuwa kama 10.

Mwalimu yule alipata nini, basi? Alipata kuona. Mwezi wa kwanza mama hajui kushika kalamu. Mwezi wa sita anaandika jina lake, anamwandikia mtoto wake aliye mbali. Mwalimu anapita njiani, anaitwa kwa heshima, anapewa kiti na maziwa. Kazi yake ilikuwa na matunda aliyoweza kuyaona kwa macho, na watu waliokuwa wakimngoja jioni. Mwalimu anayejua kwamba watu 30 wamekwisha kaa chini ya mti wanamngoja, hasemi njoo kesho.

Baadaye nchi ikaingia katika miaka migumu ya uchumi. Vitabu vikakosekana, posho zikakauka, na jioni watu hawakuja tena. Wasiojua kusoma wakaanza kuongezeka upya. Mimi husema, wala sisemi kwa siri, kwamba ari haikufa kwa kukosa posho tu. Ilikufa pia pale wakubwa walipoacha kuuliza habari za kisomo. Mtumishi anajua upesi sana jambo gani linaulizwa na jambo gani limesahauliwa.

Sasa nirudi kwa Bwana Mifugo wetu na Bibi Afya wetu. Mwaka 2025 Serikali ilianzisha kampeni kubwa ya chanjo ya mifugo, pamoja na kuivalisha mifugo hereni za utambuzi. Hilo ni jambo jipya kwa mfugaji, na ni jipya kwa mtaalamu vilevile. Ana daftari jipya, ana kifaa kipya, ana maswali mengi kutoka kwenu ambayo yeye mwenyewe hajapewa majibu yote. Akifika bomani akakuta watu wamekunja uso, na ofisini akakuta mkubwa anataka hesabu tu, atafanya kama yule mwenye fomu za OPRAS: ataandika namba, atakwenda zake. Akifika akaulizwa maswali ya haki, akaona mwenye ng'ombe naye ana daftari lake, ameandika tarehe ya chanjo na idadi, mambo yanabadilika. Hesabu mbili zikikaa pamoja, mtaalamu anaandika kwa uangalifu. Tena anafurahi, kwa maana kesho mkubwa akimwuliza, ana shahidi.

Kwa hiyo utaratibu mpya ukitangazwa katika mkutano wa kijiji, msiondoke kabla hamjauliza. Ulizeni: Utaratibu huu unaanza lini? Nani amefundishwa? Mashine ikikwama, tumpigie nani? Mtendaji mwema atashukuru mkimwuliza hivyo, kwa sababu maswali hayo hayo yeye anaogopa kuyauliza kwa wakubwa wake. Mkiuliza ninyi, ataandika katika muhtasari, na muhtasari utapanda kwenda juu. Mimi nimeona barua ya mtumishi ikikaa mwaka mzima bila jibu, na swali la mkutano wa kijiji likajibiwa katika mwezi mmoja.

Na mtumishi akifanya vizuri, mwambieni. Katika ofisi zetu malalamiko yana sanduku lake ukutani. Sanduku la asante sijaliona bado.

Darasa lijalo tutasoma stakabadhi. Kila mmoja aje na stakabadhi yoyote ya Serikali aliyo nayo nyumbani, ya karatasi au iliyo katika simu. Tutatafuta tarehe, kiasi cha fedha, jina la mlipaji, na zile tarakimu 12. Asiyekuwa nayo atasoma ya jirani yake.